Balbu ya LED Haifi kwa Uzee

Mezani kwangu kuna balbu ya LED iliyokufa. Boksi lake liliahidi saa 25,000. Nikiiwasha saa 5 kila usiku, hizo ni siku 5,000, miaka 13 na ushei. Haikumaliza hata mwaka. Niliitoa kwenye holda, nikabandua kifuniko chake cheupe kwa ncha ya kisu, na ndani nikakuta kisahani cha alumini chenye vidonge kumi na viwili vya njano vya kutoa mwanga, vilivyopangwa duara. Kumi na kimoja ni vizima kabisa. Kimoja kina doa jeusi katikati, dogo kama tundu la sindano. Hicho kimoja ndicho kilichotia giza chumba kizima, maana vidonge vyote vimeungwa kwa mfuatano, kama shanga kwenye uzi. Uzi ukikatika mahali pamoja umeme haupiti tena, na vilivyobaki vinazimika vikiwa na afya zao.

Nimeanza na maiti hii kwa makusudi. Tukizungumzia balbu za kuokoa umeme, mazungumzo huishia kwenye neno "kuokoa", kana kwamba rafu zimejaa balbu zisizookoa. Siku hizi karibu kila boksi limeandikwa hivyo, na karibu kila boksi linasema kweli. Sifa ambayo kila muuzaji anayo haimsaidii mnunuzi kuchagua. Kinachotofautisha balbu na balbu ni yale ambayo boksi limeyaandika kwa herufi ndogo, au halikuyaandika kabisa.

Hesabu ya umeme tuimalize mapema. Balbu ya zamani, ile ya uzi wa tungsteni, kwa kweli ni jiko linalotoa mwanga kidogo. Uzi unapata moto mpaka unang'aa, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme uliolipiwa inapotea kama joto. Aliyewahi kuigusa ikiwa inawaka hahitaji maelezo. Ya wati 60 hutoa mwanga wa lumeni 800 hivi. LED hutoa mwanga huo huo kwa wati 8 au 9. Kwa saa 5 kila siku, ya uzi inakula uniti kama 110 kwa mwaka, na LED ya wati 9 inakula 16. Hapo hakuna ubishi. Mwenye balbu za uzi bado na azibadilishe, akianza na zinazowaka muda mrefu: ya sebuleni, ya jikoni, ya nje inayokesha. Ya stoo inayowaka dakika mbili kwa siku anaweza kuiacha ife kifo chake.

Lakini ukishahamia kwenye LED, hesabu hiyo haina tena kikubwa cha kukupa. Nimewahi kusimama mbele ya rafu nikisikiliza watu wawili wakibishana, mmoja ameshika balbu ya wati 9 na mwenzake ya wati 7, kila mmoja akiamini anaiokoa nyumba yake. Tofauti yao kwa mwaka mzima haifiki uniti nne. Umeme wote ambao balbu ya wati 9 inautumia usiku mmoja, pasi ya wati 1,000 inaumaliza kwa chini ya dakika tatu, kabla shati la kwanza halijanyooka. Kwa hiyo balbu ya wati 7 inayotoa mwanga hafifu, ukalazimika kuongeza taa nyingine mezani, imekutia hasara kwa jina la akiba.

Tatizo ni kwamba bado tunapima mwanga kwa wati. Ni mazoea ya enzi za balbu za aina moja, ambapo ukisema "nipe ya sitini" kila mtu anajua mwanga unaoutaka. Wati ni kile balbu inachokula. Inachotoa ni lumeni, na namba hiyo ndiyo ya kutafuta. Balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa lumeni kama 450, ya 75 ilitoa 1,100, na ya 100 ilikaribia 1,600. Boksi likiandika kwa herufi kubwa "sawa na wati 100", ligeuze uangalie upande wa pili. Ukikuta lumeni 900, unajua unaongea na nani.

Hata alama rasmi zinahitaji jicho. Umoja wa Ulaya ulipopanga upya ngazi zake za ubora wa matumizi ya umeme, A hadi G, mwezi Septemba 2021, balbu zilizokuwa zikijivunia A+ zilijikuta kwenye E na F bila kubadilika hata skrubu moja. Ili ipate A, balbu sasa lazima itoe lumeni 210 au zaidi kwa kila wati. Ya kawaida yenye lumeni 800 kwa wati 9 ni F, na bado ni balbu nzuri. Anayeikimbia kwa sababu ya herufi hiyo hajui kwamba kilichobadilika ni ngazi.

Vipi kuhusu energy saver, zile za mirija iliyosokotwa? Zilifanya kazi yake na wakati wake unakwisha. Ndani zina zebaki, miligramu chache tu, lakini ni zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kwamba kuunda zile za kawaida za nyumbani, kuziagiza na kuziuza nje ya nchi kukome mwaka 2025. Kama unayo na inawaka, sioni sababu ya kuitupa leo. Ikipasuka tu, fungua madirisha, toa watoto chumbani, mjipe dakika kumi nje. Ukirudi usiifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu njia zote mbili hurusha hewani vumbi lenye zebaki. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, dokoa vilivyobaki kwa selotepu, funga vyote ndani ya chupa yenye mfuniko. Sioni sababu ya kununua mpya.

Turudi kwa maiti yangu. Watu wengi wanaamini LED haipati moto. Mwanga wake ndio hauna joto. Ukiweka kiganja mbele yake husikii kitu. Vidonge vyenyewe vinapata moto, na zaidi ya nusu ya zile wati 9 hugeuka joto pale pale vilipobandikwa. Balbu ya uzi ilikuwa ikilitupa joto lake nje pamoja na mwanga, na haikujali, kwa sababu joto lilikuwa ndiyo kazi yake. LED hailitupi hivyo. Joto lake lazima lishuke kwenye kisahani cha alumini, lipite shingoni, litafute hewa. Na shingoni ndiko anakoishi mgonjwa wa nyumba hiyo: draiva, saketi ndogo inayobadilisha umeme wa ukutani uwe wa kuvifaa vidonge. Ndani ya draiva mara nyingi kuna kapasita yenye umbo la mtungi, na mafundi wana kanuni yao ya makadirio: kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, maisha ya kapasita hiyo hupungua kwa nusu.

Sasa fikiria nilivyoitendea yangu. Niliiweka ndani ya bakuli la kioo lililobana dari, limefungwa pande zote, shingo ikiwa juu na vidonge chini. Joto hupanda. Likapanda moja kwa moja kuelekea kwenye draiva, likakosa pa kutokea, likakaa. Kila usiku kwa saa tano nilikuwa naichemsha balbu yangu taratibu, na kidonge kilichokuwa dhaifu kuliko wenzake kikaungua kwanza. Baada ya msiba ndipo nikasoma chini kabisa ya boksi, kwa herufi za kusomea kwa miwani, kwamba haifai kutumika kwenye taa zilizofungwa. Siwezi kumlaumu mtengenezaji peke yake. Namlaumu kwa ukubwa wa herufi.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayeniomba ushauri wa balbu halihusu balbu. Ni itakaa wapi? Holda inayoning'inia wazi, hewa ikizunguka, itavumilia hata balbu ya wastani. Bakuli lililofungwa linataka iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kufungiwa, au yenye wati chache zaidi, kwa sababu wati chache ni joto kidogo. Dari yenye mashimo ya taa za kuzama ndiyo kaburi kubwa kuliko yote, hasa pakiwa na vitu vya kuzuia joto juu yake.

Mkono nao unasaidia. Shika balbu mbili zenye lumeni sawa, moja mkono huu na nyingine ule. Iliyo nzito mara nyingi ina chuma zaidi cha kubebea joto. Nyepesi kama ganda la yai ina plastiki. Si kipimo cha maabara, na kuna kundi moja linalokiuka kanuni hiyo: LED zilizoigiza balbu za zamani, zenye nyuzi za njano ndani ya kioo kinachoonekana. Hizo huwa nyepesi kwa sababu kioo chake kimejazwa gesi kama heliamu, inayolihamisha joto kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye kioo. Kuna na ujanja mwingine usioonekana dukani. Vidonge vingi vinavyosukumwa taratibu hudumu kuliko vichache vinavyokamuliwa, na mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hupunguza vidonge kisha akaongeza umeme. Mwanga wa siku ya kwanza ni ule ule. Wa mwezi wa tisa ndio unaosema ukweli.

Je, saa 25,000 zilitoka wapi? Hakuna aliyekaa miaka akiitazama balbu hiyo. Utaratibu unaotumika sana ni kuvipima vidonge kwa saa 6,000 au zaidi, karibu miezi minane na kitu bila kuzima, kisha kukadiria mbele kwa hesabu, na kanuni zenyewe zinazuia makadirio yasivuke mara sita ya muda uliopimwa. Si udanganyifu. Lakini kuna mambo mawili ambayo mnunuzi haambiwi. La kwanza, vinavyopimwa ni vidonge, peke yake, huku draiva ikiwa haimo kwenye mtihani. La pili, "mwisho wa maisha" kwenye hesabu hiyo si kuzimika. Ni pale mwanga unapofifia hadi asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo. Kwa maneno mengine, namba iliyo kwenye boksi inaeleza kifo cha uzeeni: balbu inayofifia polepole hadi siku moja unajiuliza kama macho yako ndiyo yamechoka. Ni wachache wanaofika huko. Wengi hufa kwa draiva kuungua, kwa umeme uliopanda ghafla, au kwa doa jeusi kama la kwangu.

Kwa hiyo mimi saa za kwenye boksi nimeacha kuzitazama. Natazama miaka ya dhamana. Saa ni ahadi isiyo na mdai, wakati dhamana ya miaka mitatu inamgusa muuzaji mfukoni. Na pale ambapo umeme hupanda na kushuka, natazama pia volti. Iliyoandikwa 100 hadi 240 imejengwa kuvumilia kushuka kwa umeme kuliko ya 220 hadi 240, ingawa zote mbili zinaweza kuungua pale umeme unaporudi kwa kishindo.

Umri wa balbu umekuwa siasa tangu zamani. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa, Osram na Philips wakiwemo, waliunda umoja wao wenye makao Geneva, ukajulikana kwa jina la Phoebus. Walikubaliana balbu idumu saa 1,000, na aliyeuza zinazodumu zaidi alipigwa faini. Watetezi wao wana hoja ambayo si ya kupuuza: uzi unaowaka kwa moto mkali hutoa mwanga mwingi kwa kila wati lakini huisha haraka, kwa hiyo balbu ya kudumu sana ingekula umeme mwingi kwa mwanga kidogo. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwa uzi wa tungsteni. Kwa LED imegeuka juu chini. Balbu inayopozwa vizuri hudumu zaidi na pia hutoa mwanga mwingi zaidi kwa wati ile ile. Hakuna tena kisingizio cha kifizikia kwa balbu inayokufa ndani ya mwaka.

Rangi ya mwanga ndipo watu wanapojuta zaidi, na hapo hakuna aliyedanganywa. Ni namba tu ambayo haikusomwa. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini. Kelvini 2700 ni mwanga wa manjano kama wa balbu ya zamani. 4000 uko katikati. 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Ukizikumbuka kwa moto hutakosea: kaa jekundu lina joto dogo, mwako wa fundi wa kuchomelea una joto kubwa na ni mweupe-bluu. Mtu akiona "nyeupe" hudhani ndiyo yenye nguvu, anajaza nyumba nzima ya 6500, kisha anashangaa chumba cha kulala kimekuwa kama chumba cha daktari. Mwanga wenye bluu nyingi jioni huuambia mwili kwamba bado ni mchana. Mimi naweka 2700 kwa kulala na kupumzika, 4000 kwa jikoni na meza ya kazi. 6500 nimeibakiza bafuni, na hata huko naitilia shaka.

Vile vidonge vya njano nilivyovikuta vinaeleza bluu hiyo inakotoka. Kidonge chenyewe hakitoi njano, hutoa mwanga wa bluu; njano ni unga uliomwagwa juu yake. Bluu inaupiga unga, unga unatoa njano, macho yanazichanganya yanasema nyeupe. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilipatikana mwaka 1962, kazi ya Nick Holonyak, lakini bila bluu hakukuwa na taa ya nyumbani, na bluu yenye mwanga wa kutosha iliwasumbua watafiti hadi miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Tatizo la mchanganyiko huo ni kwamba nyekundu ni adimu. Balbu yenye unga wa bei nafuu inamulika vizuri karatasi nyeupe na kuziharibu rangi nyingine. Uso wa mtu, ambao uhai wake uko kwenye wekundu ulio chini ya ngozi, unapata ujivu wa mgonjwa. Niliwahi kutoka asubuhi nimevaa soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu iliyokolea, na chini ya balbu yangu zilikuwa pacha. Kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi za vitu huandikwa Ra au CRI. 80 ndicho kiwango cha kawaida, na kwa kioo cha kujitazamia, kabati la nguo au meza ya mshonaji, 90 kinastahili kutafutwa. Boksi lisilokitaja, chukulia ni kidogo.

Kupepesa ni jambo la kupima mwenyewe. Draiva hafifu huuacha mwanga ukipanda na kushuka mara 100 kwa sekunde penye umeme wa hezi 50, haraka kiasi kwamba jicho halioni lakini baadhi ya vichwa vinauma. Iwashe, ilenge kwa kamera ya simu. Michirizi myeusi ikitembea kwenye kioo cha simu, irudishe.

Na kama LED yako inabaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzima, kama macho ya paka gizani, usiilaumu haraka. Inawezekana ni swichi yenye kitaa kidogo ndani, au ni nyaya ndefu zinazopitishiana chembe za umeme. Lakini inawezekana pia swichi imefungwa kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta, na hilo ni hatari: umezima taa huku holda bado ina umeme, ukisubiri kidole. Balbu ya zamani isingekuonyesha kosa hilo, kwa sababu ilihitaji umeme mwingi zaidi ili iwake. Mwite fundi apime.

Siku hizi nikifunga balbu mpya naandika tarehe kwenye shingo yake kwa kalamu ya wino usiofutika, na risiti naitia kwenye boksi lake tupu. Ni tabia ya kizee, najua. Ya kwenye bakuli la dari, iliyorithi nafasi ya marehemu, ni ya lumeni 470 badala ya 800, na bakuli nimelilegeza skrubu ili hewa ipite pembeni. Chumba kimepungua mwanga kidogo. Nikiifuta vumbi nasoma tarehe yake, na imeshauvuka umri wa mwenzake kwa miezi kumi na minne.